Dirisha la Mjomba

Misima, kijiji cha utoto wangu, iliamshwa na vikohozi kabla ya majogoo. Ulilala kwenye kitanda cha kamba, shuka limekufika puani, na bila kufumbua macho ulijua nani ameshaamka. Wa kwanza alikuwa bibi. Chake kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, kilichokwenda pamoja na pumzi alizokuwa akipuliza kwenye mafiga, na nyuma yake ukaja moshi wa kuni, ukipenya nyufa za ukuta wa udongo na kutafuta njia ya kutokea kwenye nyasi za paa. Kisha mzee wa nyumba ya mwembeni alikohoa mara tatu, akasema Bismillahi, ukasikia maji ya kutawadha yakimwagika kutoka kwenye kopo la bati. Wa mwisho alikuwa mjomba. Kikohozi chake kilianzia mbali, kama lori lenye mzigo linalopanda mlima, kikapanda, kikapanda, kikafika juu kikakatika. Halafu kimya. Katika kimya kile nyumba nzima ilikuwa macho, inamsikiliza.

Nimekuwa daktari wa kifua karibu maisha yangu yote ya kazi. Kazi yangu ni kutazama picha za mapafu na kuwatibu wenye mapafu hayo. Nimefundishwa na walimu wengi, wengine wa hapa nyumbani na wengine wa mbali, na wote nawashukuru. Lakini kusikiliza kifua nilijifunzia kwenye kitanda kile cha kamba, nikiwa na miaka tisa, mwaka 1966.

Njoo tutoke nje, nikuonyeshe. Mlango wa bibi ni wa mbao mbili zilizopigiliwa mkanda wa mpira wa gari badala ya bawaba, na ukiufungua haulii. Uwanja umefagiliwa, mistari ya ufagio bado iko juu ya udongo mwekundu, na kuku ndio wa kwanza kuichafua. Kushoto ni kinu na michi miwili. Kulia ni mwembe, na chini yake kigogo cha kukalia ambacho kimelainika kwa kukaliwa. Ukisogea hadi mwisho wa shamba la mihogo, asubuhi iliyotakata, utaiona milima ya Usambara upande wa kaskazini, rangi yake kama ya moshi. Huko chini yake ndiko Korogwe, na kwetu Misima mtu akisema anakwenda mjini, mara nyingi alikuwa na maana ya Handeni kwa jambo dogo na Korogwe kwa jambo kubwa.

Bibi aliniita mume wangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. "Mume wangu, niletee kuni." "Mume wangu, umekula?" Chakula chenyewe kilikuwa bada, ugali wa unga wa muhogo, wenye harufu ya uchachu na rangi ya wingu la mvua, pamoja na mchunga, mboga chungu ambayo mtoto huitemea mate na mtu mzima huililia akiwa ugenini. Mchunga haukulimwa. Uliota wenyewe shambani baada ya mvua, na bibi aliuchuma akiwa amejifunga khanga kiunoni, akikohoa kikohozi chake kifupi kila alipoinama.

Kwetu Wazigua ukoo hupita kwa mama. Kwa hiyo mjomba si mgeni wa kuleta pipi wakati wa sikukuu; mjomba ni mtu mzito, na neno lake kwa mtoto wa dada yake lina uzito kuliko la wengi. Mjomba wangu aliondoka Misima akiwa kijana kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, upande wa Ngombezi. Alirudi akiwa na sanduku la bati, blanketi la kijivu, na kile kikohozi.

Mkonge haukuwa mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na 62 tu ikafika pwani yetu ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yaliyojaza bonde la Pangani, kambi za manamba waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali, na mashine ya kupura mkonge ambayo wafanyakazi wote waliiita korona. Mjomba hakukata mkonge. Alikuwa mtu wa brashi. Singa zikishakauka kwenye kamba, nyeupe kama mvi, hupelekwa kwenye mashine ya kuzichana na kuzing'arisha kabla ya kufungwa robota. Mashine hiyo hutoa vumbi. Mjomba alilieleza akisugua ncha za vidole: vumbi laini, la rangi ya maziwa, linalokaa kwenye kope, ndani ya masikio, kwenye ugali. Alijifunga kitambaa mdomoni. Jumatatu ndiyo siku iliyomtesa kuliko zote, alisema. Jumapili kifua kilipumzika, na Jumatatu kikirudi kazini kilibana kama kimefungwa kamba. Miaka mingi baadaye nilikuta Jumatatu hiyo imeandikwa katika vitabu vya udaktari, kwamba ndiyo dalili ya mapafu yanayodhuriwa na vumbi la pamba, kitani na katani. Nilifunga kitabu kwanza, nikakaa.

Lakini vumbi peke yake halimfanyi mtu akohoe damu. Mwezi ule mjomba alipotema damu kwenye majivu ya jikoni, bibi aliyafunika majivu kwa mguu, haraka, kama mtu anayeficha sarafu. Nilikuwa nimeshaona. Usiku huo alisema tutakwenda Korogwe, sote watatu, na mimi nitakwenda kwa sababu najua kusoma vibao.

Tulipanda lori la mahindi. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, na tulipofika mbali kidogo nyusi za wote zilikuwa za rangi moja, wazee na vijana. Bibi alishika kikapu chenye mihogo ya kuchemsha na machungwa. Mjomba alikaa upande wa upepo ili akikohoa asimkoholee mtu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Tukaupita Mto Pangani, ambao wazee wetu waliuita Luvu, maji yake ya rangi ya chai ya maziwa. Kisha ikaja harufu. Kabla hujaliona shamba la mkonge unalinusa: mabaki ya majani yaliyopurwa, yanaoza taratibu, harufu ya uchachu inayoshika kooni. Mjomba aliivuta kama mtu anayenusa nguo ya nyumba aliyohama. "Ehe," alisema, "tumefika." Mistari ya mkonge ilipita mmoja baada ya mwingine, imenyooka hadi macho yanachoka, na mahali fulani treni ilipiga honi kwenye reli ile iliyofika Korogwe mwaka 1902.

Hospitalini nilisoma vibao. Mapokezi. Dawa. Usiteme mate ovyo. Bibi alinishika bega na kuninyamazisha nilipokisoma hicho cha mwisho kwa sauti. Kisha nikaona mlango wenye herufi nyekundu na taa juu yake, tukaambiwa hapo ndipo pa picha.

Bwana wa picha alivaa aproni nzito nyeusi iliyomfanya atembee kama mjamzito. Chumba kilikuwa cha baridi, nusu giza. Mjomba alivua shati, na kwa mara ya kwanza nilimwona mgongo, mbavu zilihesabika. Alibandikwa kifua kwenye bamba baridi, akaambiwa aweke kidevu juu, mikono kiunoni, asukume mabega mbele. Mimi na bibi tukasimamishwa nyuma ya ukuta. Tukasikia sauti: "Vuta pumzi. Vuta kabisa. Shika!" Mashine ikaguna. Mjomba akakohoa. Ilibidi kurudia. "Vuta. Shika!" Akakohoa tena. Mara ya tatu nilijikuta mimi mwenyewe nimevuta pumzi na kuishika, mashavu yamejaa, na niligeuka nikamwona bibi naye amefumba macho, ameishika yake. Tulipumua sote watatu pamoja bwana wa picha aliposema, "Achia."

Sentensi hiyo, vuta pumzi, shika, achia, nimeisikia tangu wakati huo maelfu ya mara, nyuma ya milango ya hospitali nyingi. Ni lazima mapafu yajae hewa, vinginevyo picha inadanganya: mishipa inakusanyika, moyo unaonekana mpana, na kivuli kisichokuwepo kinaonekana kipo. Namweleza kila mwanafunzi sababu hiyo. Na kila ninapoisikia bado navuta pumzi, naishika, naingoja ile achia.

Baadaye picha ikatolewa chumba cha giza, imeninginia kwenye fremu ya chuma, inatiririka maji. Ilinuka siki, na chini ya siki kulikuwa na harufu nyingine ya chuma chuma ambayo sikuijua. Daktari aliibandika kwenye sanduku la taa. Mjomba wangu akawaka ukutani, mweusi na mweupe, bila ngozi.

"Hii nyeusi ni hewa," daktari alisema. Alizungumza na bibi, si na sisi, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. "Nyeupe ni nyama na mifupa. Pafu zima linatakiwa liwe jeusi namna hii. Sasa tazama hapa juu, upande wa kulia. Pana weupe, na katikati ya weupe pana shimo."

"Shimo la nini, mwanangu?"

"La ugonjwa, mama. Kifua kikuu."

Bibi aliitazama picha muda mrefu. Hakulia wala hakumtaja Mungu. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari ya paa. "Linazibika?"

"Linazibika. Lakini dawa ni za muda mrefu, na asiziache hata siku moja."

"Basi hataziacha," bibi alisema.

Mjomba alipelekwa Kibong'oto. Watu wa rika langu wanalijua jina hilo kwa namna ambayo vijana hawawezi kulijua. Ni hospitali iliyoko upande wa Siha, Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na kwa miongo mingi jina lake na jina la ugonjwa vilikuwa kitu kimoja. Mtu akisema fulani yuko Kibong'oto, wasikilizaji waliinamisha vichwa. Tulimsindikiza stesheni ya Korogwe. Alipanda treni ya Moshi akiwa na blanketi lake la kijivu, akatuonya kwa kidole tusisogee karibu na dirisha, kisha akatabasamu ili onyo lisituumize.

Alikaa huko zaidi ya mwaka. Barua zake zilisomwa na mimi, kwa sauti, chini ya mwembe, na nusu ya Misima ilikuja kusikiliza. Aliandika juu ya baridi inayouma meno, ukungu unaoingia wodini asubuhi, ndizi za kupikwa na nyama, theluji ya mlima inayoonekana pale mawingu yanapofunguka. Aliandika kwamba anachomwa sindano kila siku na kwamba sikio moja limeanza kulia kama nyenje. Hakulalamika. Sasa najua kwamba sindano ile ilikuwa ya streptomaisini, dawa ya kwanza iliyompa mwenye kifua kikuu tumaini la kweli, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943. Na najua kwamba inaweza kuharibu mshipa wa kusikia. Nyenje huyo hakumwacha tena. Hadi uzee wake, ukitaka kumwambia jambo ulipita upande wa kushoto.

Alirudi msimu wa machungwa, amenenepa, shingo imejaa, anatembea bila kusimama njiani. Mkononi alikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Hakumpa mtu yeyote aibebe.

Jambo la kwanza alilolifanya, kabla hajapumzika siku mbili, lilikuwa kuchukua jembe na kutoboa ukuta. Nyumba zetu zilikuwa na tundu dogo tu karibu na dari, la kutosha paka. Mjomba alipasua ukuta wa chumba chake upande wa mashariki, akaondoa fito, akaweka fremu ya miti, na likawa dirisha pana kama meza. Wazee walikuja kuuliza. Fisi je? Baridi je? Mwizi je? Aliwaambia alivyoambiwa Kibong'oto: vijidudu vya ugonjwa huu vinapenda chumba kilichofungwa, vinaelea hewani kwa saa nyingi; hewa ikipita vinatawanyika, na jua huviua. Bibi alimsaidia kukanda udongo wa kusiriba. Mwezi huohuo alimwambia atoboe lingine, jikoni.

Kisha akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na picha mbili, kila moja inchi 14 kwa 17: ya kwanza ya Korogwe, ya pili ya siku aliyoruhusiwa. Alizitundika kwa miiba kwenye lile dirisha jipya, moja kushoto, nyingine kulia, na asubuhi jua la Misima likapanda nyuma yake.

Sijawahi kuona sanduku la taa lililo bora kuliko lile. Jua lilianza na rangi ya chungwa, mbavu zikaonekana kama matawi, kisha mwanga ukapanda na kila kitu kikajitokeza: moyo umeegemea upande wa kushoto, kiwambo cha tumbo kimejikunja kama vilima viwili, mishipa inatawanyika kutoka katikati kama mito kwenye ramani ya shule. Watu walikuja kutazama. Mama mmoja aliuliza hasira iko wapi. Mzee wa nyumba ya mwembeni alitazama kwa heshima akasema, "Kumbe sote ndani ni vizimba." Mjomba alichukua kijiti cha ufagio na kufundisha. "Hapa palikuwa na shimo. Sasa tazama hii ya pili. Limefungwa. Pamebaki uzi huu mweupe na hivi vichokaa. Hili ni kovu. Kovu si ugonjwa. Kovu ni habari ya ugonjwa uliopita."

Nilisimama mbele ya dirisha lile asubuhi nyingi. Kabla sijajua kuandika insha nilijua kuitazama picha ya kwanza, kisha ya pili, kisha kurudi ya kwanza. Mpaka leo hiyo ndiyo kanuni ninayoanza nayo kufundisha: usisome picha ya leo kabla hujaomba ya zamani.

Yaliyofuata ni ya njia ndefu ambayo wengi wa rika langu waliipita, shule ya bweni, jeshi la kujenga taifa, kazi, kisha Muhimbili. Nitakuonyesha siku moja tu. Sisi wanafunzi wa udaktari tulipigwa picha za kifua, na tukapewa tuzisome wenyewe kwa wenyewe. Mwenzangu aliibandika yangu kwenye taa na kuanza kama tulivyofundishwa: jina, upande, mbavu kumi za nyuma zinaonekana, maana yake pumzi ilivutwa vizuri. Moyo sawa. Kisha akanyamaza. Katikati ya pafu la kulia kulikuwa na punje nyeupe, ndogo kama ya mtama, na nyingine karibu na shina la pafu.

Mwalimu alisogea, akavaa miwani. "Chokaa," alisema. "Ugonjwa wa kifua kikuu uliupata utotoni. Mwili ukauzingira, ukauzika, ukaumwagia chokaa. Nyumbani kwenu nani alikuwa akikohoa?"

Sikuweza kujibu upesi. Niliona kitanda cha kamba, tundu la paka karibu na dari, moshi, na kile kimya cha alfajiri. Mwalimu alilieleza darasa, kama ninavyowaeleza wengine sasa kwa hesabu za leo: kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuingiwa na kijidudu hiki, kwamba kati yao watu watano hadi kumi katika kila mia ndio watakaougua maishani, na waliobaki watakibeba kimelala. Jioni hiyo niliamua nitakuwa daktari wa mapafu. Niliiandikia Misima barua, na mjomba akajibu kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: KAMA NI CHOKAA, USIOGOPE. HATA MIMI NINACHO.

Nilipoanza kazi nchi ilikuwa tayari na mpango wake wa kifua kikuu na ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977 na kujengwa pamoja na Karel Styblo, daktari aliyezaliwa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliupata ugonjwa huu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi. Njia iliyojaribiwa na kukomaa hapa Tanzania ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipeleka kwa mataifa mengine katika miaka ya 1990. Haikuwa njia ya mashine kubwa. Ilikuwa kikopo cha makohozi, hadubini, rangi nyekundu iliyopashwa moto na rangi ya bluu; vijidudu vikabaki vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu. Ilikuwa dawa zisizokatika, na muuguzi anayemtazama mgonjwa akimeza. Mimi niliyependa picha kuliko kitu chochote nilipaswa kujifunza unyenyekevu: picha huonyesha kivuli, makohozi ndiyo hutaja jina la mwenye kivuli.

Kisha ukaja Ukimwi, na picha zikabadilika. Shimo lile la juu, ambalo mtoto wa Misima aliweza kulionyesha kwa kijiti cha ufagio, halikuonekana tena kwa wagonjwa wengi. Ugonjwa uliteremka sehemu za chini za mapafu, ukajificha kwenye tezi, ukatapakaa kama unga wa mtama uliomwagika, au picha ikawa safi kabisa na mgonjwa akafa. Ilikuwa miaka ya kuinamisha kichwa. Siwezi kuipitia upesi wala siwezi kukaa nayo hapa.

Katika miaka hiyo nilimleta bibi apigwe picha. Alikuwa mzee sana, pumzi zilimwishia akivuka uwanja, na wajukuu walianza kunong'ona kwamba naye ana ule ugonjwa wa mjomba. Alivuta pumzi, akaishika, akaachia, kwa ustadi wa mtu aliyefanya mazoezi miaka ishirini. Niliibandika picha na kuisoma peke yangu. Hapakuwa na shimo. Makohozi nayo yalikuwa safi. Palikuwa na mapafu yaliyopanuka kwa hewa iliyokwama, kiwambo kilichoshuka na kunyooka, njia za hewa zilizonenepa kuta. Picha kama hiyo wanafunzi huifikiria ya mvuta sigara, na bibi hakuwahi kushika sigara. Ulikuwa moshi wa mafiga, wa alfajiri na jioni, wa bada na mchunga, wa miaka sitini.

Nilimweleza. Alisikiliza, akanipapasa mkono. "Basi ni nyinyi mumo humo," alisema. "Nimewapikia wote."

Tangu siku ile nikiona mapafu ya mwanamke mzee wa kijijini naanza na jiko. Namuuliza anapika wapi, kwa kuni gani, kuna dirisha au hakuna. Naandika jibu juu ya karatasi kabla sijaiangalia picha.

Nimefika Kibong'oto mara nyingi, mara ya kwanza kwa woga wa mtoto na baadaye kwa kazi. Ni kweli ukungu huingia asubuhi. Mwaka 2009 huko ndiko kulikoanza matibabu ya kifua kikuu sugu nchini, na baadhi ya wagonjwa walichomwa sindano kwa miezi mingi, wakasikia nyenje wa mjomba masikioni mwao; sasa zipo dawa za vidonge zinazowaepusha. Zipo mashine zinazotambua chembe za urithi za kijidudu ndani ya saa mbili. Na tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali kompyuta isome picha ya kifua pale ambapo hapana daktari wa kuisoma. Vijana huniuliza kama naionea wivu kompyuta. Nawaambia laiti ingekuwepo Korogwe mwaka 1966, na nyingine Misima.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Kilomita 65 kati ya Korogwe na Handeni sasa ni lami, na nyusi hazibadiliki rangi. Mto ni uleule, wa chai ya maziwa. Mkonge bado unanuka. Mwembe upo, kigogo hakipo. Nyumba ya bibi ilishaanguka, mvua zimeirudisha kuwa udongo, lakini ukuta wa mashariki wa chumba cha mjomba umesimama hadi kifuani, na fremu ya dirisha imo, miti yake imeliwa na mchwa upande mmoja. Mjomba alifariki mwaka 1998, uzeeni, kwa maradhi mengine kabisa. Zile picha mbili ninazo mimi. Nilikuwa nimezibeba katika bahasha ya kaki, si ileile, nikazisimamisha pale kwenye fremu alfajiri, nikangoja.

Jua lilipanda. Mbavu zikatokea, moyo, vilima viwili vya kiwambo, shimo, kovu. Watoto wa majirani walikuja wakiwa na sare za shule, wakasimama nyuma yangu, na mmoja wao akaniuliza, "Babu, huyo ni nani?" Nikachuma kijiti, nikaanza kuwaonyesha. Katikati ya maelezo, nyumba ya pili, ndani, mtu alikohoa. Nilinyamaza nikasikiliza kama zamani. Kikohozi kilianzia mbali, kikapanda.

Nilikwenda kugonga mlango. Nawe unayesoma nakuomba ufanye hivyohivyo kwako. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, mwenye kutoka jasho usiku, kukonda au kutema damu, apelekwe kituo cha afya apime makohozi. Tanzania vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure, na ugonjwa huu unapona. Na popote anapolala, fungueni dirisha.